Mpira Kwenye Kitufe

Wirrabilla, 9 Julai 1963

Kwako dada Thelma,

Hujambo huko Port Pirie? Kifua kimeachia? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu, maji ya mbwa tunayakuta yameganda kila asubuhi. Clarrie wangu na wafanyakazi wote wako kambini upande wa kaskazini wanakusanya ng'ombe. Atarudi ng'ombe wakikubali. Kwa hiyo nyumbani ni mimi, watoto wanne, mbwa na upepo.

Umeuliza shule yangu inaendaje. Inaenda kama mkokoteni wenye magurudumu manne yasiyolingana. Meza yetu ni ule mlango wa zamani wa banda, nimeulaza barazani juu ya mapipa. Glenys amekaa mwisho wa meza na aljebra yake, ambayo mimi siielewi na umri umeshapita wa kuielewa. Ana miaka kumi na miwili na ananisahihisha kwa upole, jambo linaloudhi kuliko kama angenisahihisha kwa kiburi. Des ana tisa, anajifunza sehemu. Namkatia mkate vipande vinane, na kabla hajanijibu, Noelene ameshalila jibu. Huyo Noelene ana saba, na masomo yake ya kusoma anamsomea mbwa, kwa sababu anasema mbwa hamkatizi. Tup wa miaka mitano hana darasa lake hasa, basi anasikiliza ya wote. Atakutajia mito mikubwa yote ya dunia, lakini kamba za viatu vyake bado anafungiwa.

Saa mbili asubuhi Mwalimu Farrant anaita majina kwenye redio kutoka mjini. Kila mtoto wa kila ranchi anabonyeza kitufe cha maikrofoni, anasema "Nipo," anaachia. Ukibonyeza unasema lakini husikii, ukiachia unasikia lakini husemi. Kidole gumba cha Tup kinachoka, masikini, kitufe ni kigumu. Kwa nusu saa nyumba yangu inajaa watu. Kisha mwalimu anaaga, na tunabaki kama tulivyokuwa.

Kuhusu Glenys. Dada, hii mara ya pili unauliza kama mwakani atakuja kwako aanze sekondari. Najua unamtakia mema na nashukuru. Lakini mtoto mwenyewe hataki. Nimemuuliza, amesema bado. Siwezi kumlazimisha. Tuyaache hayo.

Mdogo wako,
Elva

*

Port Pirie, 4 Agosti 1963

Elva mdogo wangu,

Kifua kimeachia, sasa ni goti. Mwili huu hauniachi bure. Hapa mambo ni yaleyale: moshi wa kiwanda unachafua nguo kwenye kamba, kwaya ya kanisani ina wanawake kumi na mwanamume mmoja asiyejua kuimba, na Jumapili naoka mguu wa kondoo kama enzi za marehemu Walter wangu. Unanitosha mpaka Alhamisi.

Nimecheka sana kuhusu mkate wa Des. Lakini sikucheka mwisho wa barua. Wewe tangu utotoni ukisema "tuyaache hayo" ndipo penye kitu. Ulisema hivyohivyo ulipovunja birika la mama.

Chumba cha nyuma kipo. Nimekipaka rangi ya kijani hafifu. Si kwa ajili ya mtu, ni rangi tu ilibaki. Na mbona Glenys haniandikii siku hizi? Zamani alikuwa ananichorea farasi chini ya kila barua yako.

Msalimie Clarrie ukimwona.

Dada yako,
Thelma

*

Wirrabilla, 22 Septemba 1963

Dada,

Wote wazima. Joto limeanza na nzi nao wameanza. Clarrie alipita akalala, akaondoka tena. Glenys anakusalimu, masomo yamembana ndiyo maana haandiki.

Redio ilitusumbua kidogo, betri ikaisha. Sasa imepona. Hapa hakuna jipya.

Elva

*

Port Pirie, 13 Oktoba 1963

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, maana ilikwisha kabla sijafika kwenye kiti.

Sasa nikuambie la kwangu. Ijumaa nilikuwa kwenye foleni ya bucha, na mbele yangu mama mmoja kijana, tumbo hili hapa, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Anatoka kwenye ranchi za huko kwenu. Akawa anamsimulia muuza nyama: "Kuna mama mmoja wa Wirrabilla, masikini, redio yake ilibaki wazi asubuhi nzima. Nchi nzima ilimsikia."

Nikamuuliza, "Ilimsikia akisema nini?"

Akageuka. Akaniangalia pua, na wewe unajua pua yetu. Akasema, "Aa, mambo ya nyumbani tu, mama," kisha akaanza kuuliza bei ya soseji.

Elva, nimekaa na hiyo bei ya soseji siku zote hizi. Mgeni wa bucha anajua jambo la mdogo wangu, na mimi niliyekufundisha kutembea sijui. Niambie. Kama ni baya, niambie. Kama ni dogo, niambie vilevile.

Thelma

*

Port Pirie, 17 Novemba 1963

Elva,

Sijapata kitu. Nimemuuliza mzee wa posta kama mvua zimeanza kwenu, akasema bado. Kwa hiyo si barabara wala si ndege.

Sina habari nyingine. Hujambo?

Thelma

*

Wirrabilla, 1 Desemba 1963

Dada Thelma,

Barua zako zote mbili ninazo. Ndege ya posta haikuchelewa, nimechelewa mimi. Nisamehe. Watoto wazima, mawingu yanakuja kila alasiri na kutudanganya.

Basi sikiliza. Ilikuwa mwezi wa tisa. Tup alichoka na kile kitufe. Kila akisema shairi lake kidole kinateleza, mwalimu anasikia nusu, anaambiwa arudie. Akafanya kama anavyofanya baba yake kwa kila kitu kilicholegea hapa ranchini: akakata kipande cha tyubu ya gari, akakizungusha kwenye maikrofoni, kitufe kikabanwa. Shairi likafika lote, mwanzo mpaka mwisho. Alijivuna hata hakushangaa kwamba mwalimu hakumsifu. Akaitundika maikrofoni kwenye msumari wake, akaenda zake kwa kuku. Mimi niliposikia kimya nikadhani kipindi kimekwisha.

Kitufe kikibanwa upande wetu, Thelma, hakuna anayeweza kutuingilia. Hata mwalimu hawezi. Hapakuwa na mtu wa kuniambia, "Elva, uko wazi." Na baada ya masomo ndiyo saa ya porojo, wanawake wa ranchi zote wanakaa na chai zao kuongea redioni. Siku ile walikaa na chai zao wakanipata mimi.

Walinisikia nikimfokea Des. Walinisikia nikiimba, Mungu anisaidie. Kisha nikawatuma wadogo nje, na Glenys akaniuliza:

"Mama, umemjibu Mama Mkubwa?"

"Nimemjibu zamani."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hutaki, bado mdogo."

"Mimi sikusema hivyo! Nilisema nataka kwenda. Nimekuambia mara ngapi, mama?"

"Na hawa wadogo nani atawafundisha?"

"Si wewe?"

"Na mimi?"

Hapo akaweka penseli chini. Ningeacha hapo ingekuwa nafuu, lakini sikuacha. Nikamwambia, "Baba yako akirudi anaongea habari za ng'ombe, halafu analala. Wewe ukienda, mimi nitaongea na nani? Niambie. Na mbwa? Mbwa mwenyewe ni wa Noelene." Nikamwomba asiende. Mimi, mtu mzima, nikamwomba mtoto. Nililia, dada, kilio cha mtu asiyejali anaonekana vipi. Na mwanangu akanishika kichwa kama ninavyomshika Tup akianguka, akasema, "Haya mama, siendi. Nyamaza. Siendi."

Na hilo nalo wakalisikia.

Betri ilipokufa ndipo nilipokwenda kuiangalia redio, nikaona mpira. Sikumpiga Tup. 

Kesho yake mwalimu akaita majina, watoto wakasema "Nipo" kama kawaida. Ikaja saa ya porojo. Bi Hartigan, ambaye keki zake zinashinda maonyesho ya wilaya kila mwaka, akaniita mimi kwa jina. "Elva mpenzi, hebu nipe namna yako ya kupika keki ya tende." Mimi! Keki yangu ya tende unaijua, ilishakuvunja jino. Halafu mwingine akauliza dawa ya kikohozi, mwingine akauliza namna ya kukata gauni. Kila mmoja ana swali kwangu, sauti laini, kama watu waliokuja msibani. Hakuna aliyelitaja. Afadhali wangenicheka.

Tangu siku hiyo sijaishika maikrofoni. Watoto wanajibonyezea wenyewe. Mimi nakaa jikoni mpaka waishe.

Na wewe nilikuandikia kwamba mtoto hataki. Sasa unajua nani hakutaka.

Nimemwambia Clarrie. Alikuna kichwa akasema, "Mwache msichana aende, Elva," kisha akaenda kumwangalia farasi. Hiyo ndiyo hotuba yake ya mwaka. Glenys atakuja kwako na ndege ya Januari, kabla uwanja haujawa tope, kama bado unamtaka. Tatizo ni kwamba sasa yeye mwenyewe anasema hataki kwenda. Anasema amependa kubaki. Uongo wangu nimemtia mtoto mdomoni, na anausema vizuri kuliko mimi.

Elva

*

Port Pirie, 22 Desemba 1963

Mdogo wangu,

Naandika haraka iwahi ndege.

Mpakie. Akikataa, mpakie hivyohivyo, na usilie mpaka ndege iwe juu. Mwambie Mama Mkubwa ana goti na anahitaji mtu wa kumpandia ngazi. Hilo si uongo.

Na mimi nina langu. Rangi ya kile chumba haikubaki, Elva. Niliinunua. Kwaya niliiacha tangu Pasaka, maana nikirudi nyumbani baada ya kuimba kimya kinakuwa kikubwa zaidi. Na huo mguu wa kondoo, Jumatano huwa siuonji tena, nauangalia tu. Nilipokuwa nakuandikia kwamba ni kwa faida ya masomo yake, nusu ilikuwa kweli.

Basi tumekuwa wawili tunaovuta mkono mmoja mmoja wa mtoto huyo. Tuangalie tusimchane.

Heri ya Krismasi. Mwambie Tup simkasirikii. Ningemkumbatia.

Thelma

*

Wirrabilla, 16 Februari 1964

Dada,

Barua hii sijui itaondoka lini. Uwanja ni ziwa, bata wanatua pale ndege ilipokuwa inatua. Natumaini goti limepata mpanda ngazi.

Glenys aliondoka bila kulia. Najua ni kwa ajili yangu, na mimi sikulia kwa ajili yake. Tup ndiye aliyelia kwa niaba ya familia nzima.

Des sasa anakaa mwisho wa meza, mahali pa Glenys. Masomo mapya ya posta yamekwama mjini kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tunarudia ya zamani, na Tup anayajua yote kabla sijauliza. Noelene anajaribu kumfundisha yeye kusoma sasa, badala ya mbwa. Anasema mbwa alikuwa mwanafunzi mzuri zaidi.

Sikujua kwamba penseli zilikuwa zinachongwa na Glenys. Miaka yote nilikuwa nazikuta zimechongeka. Sasa zote butu.

Jana nilisema kwa sauti, "Glenys, hebu mwangalie Tup," na wote watatu wakaniangalia. Nikajifanya ninakohoa.

Wanawake bado wananiita kwenye saa ya porojo. Siku hizi wananiita mara chache, na sijibu. Nakaa jikoni nasikiliza sauti zao kupitia ukuta, natamani kuingia, na siingii. Upweke huu, Thelma, sikuletewa na mtu. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Barua yake ya kwanza ina kurasa mbili za kuuliza habari za hapa na mistari mitatu ya habari zake. Anakula? Ana rafiki? Usimwambie nimeuliza hivyo.

Elva

*

Port Pirie, 15 Machi 1964

Elva mpenzi,

Barua yako imefika imelowa, lakini inasomeka. Anakula. Rafiki anaye mmoja, msichana kiwete mwenye ulimi mkali, wanafaana. Darasani wanamshangaa anavyosikiliza. Mwalimu wake ameniambia mtoto huyu anaweza kufanya hesabu huku watu watatu wanapiga kelele. Nikamwambia hiyo ndiyo shule aliyotoka.

Wiki za kwanza alikuwa mwema mno. Anasafisha, anashukuru, anapanda ngazi. Nilimsikia akicheka mara moja tu. Mtoto mwema namna hiyo ananitisha.

Halafu akaikuta redio ya Walter bandani, ile ya kunasa stesheni za mbali aliyokuwa anasikilizia kriketi ya Uingereza. Bwana Pascoe wa jirani akambadilishia valvu iliyoungua ndani yake. Glenys akauliza kama anaweza kuiweka jikoni. Nikamwambia weka. Nikadhani anataka muziki.

Asubuhi ya pili niliamka nikamkuta amekaa mbele yake na mkate mkononi, anazungusha kidude cha kutafutia masafa polepole, namba anaijua kwa moyo. Ikakoroma, ikapiga miluzi, kisha mwanamke akasema, "Wirrabilla?" Na sauti ya Des ikasema, "Nipo." Noelene, "Nipo." Halafu Tup, kwa nguvu kama anaita ng'ombe.

Elva, uso wake ungeuona. Ndiyo siku niliyompokea kweli, ile ya Januari ulikuwa ni mzigo tu ulioshushwa uwanjani.

Tangu hapo kila siku. Anawasikia, wao hawajui. Redio ya Walter inapokea tu, haitumi. Juzi aliniuliza huku anafunga viatu, bila kuniangalia, "Mama Mkubwa, kwani mama haishiki tena maikrofoni?" Nikasema sijui. Akasema, "Labda hapendi tena." Akaenda shule.

Sikuombi kitu. Najua aibu ni mali ya mtu, huwezi kumwambia aitupe. Nakuambia tu kwamba saa mbili asubuhi kuna mtu huku anayekusubiri, na kama siku ile ulisema na watu wasioweza kukujibu, huyu naye hawezi kukujibu.

Thelma

*

Port Pirie, 26 Aprili 1964

Elva,

Barua yako bado haijafika, wala siisubiri tena. Jibu limefika.

Ilikuwa jana... hapana, leo ni Jumapili, ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nakaanga mayai. Majina yakaitwa, wako wote watatu wakasema "Nipo." Mwalimu akawa anaingia ranchi inayofuata, na hapo tukasikia kitufe kinabonyezwa, na mtu anapumua. Glenys akaacha kutafuna.

"Mwalimu Farrant, hapa Wirrabilla. Mama yao. Nina neno moja, kama utaniruhusu, ni la mtu ambaye hawezi kujibu."

Mwalimu akasema, "Sema, Elva." Na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Nakuandikia ulivyosema, ujue kwamba yote yalifika: "Glenys, mama yako hapa. Mvua imekata, posta imekuja. Penseli zimechongwa. Des amezichonga, zote zimekuwa fupi kama kidole. Tup amejua kufunga kamba za viatu, ila anazifunga pamoja kushoto na kulia. Ulikuwa unataka kwenda, na mimi nilisikia kila mara uliposema. Soma vizuri. Mimi bado nipo hapa. Basi, naachia."

Ukaachia. Hakuna mtu aliyeingia. Najua walikuwepo wote, Bi Hartigan na keki zake na wengine, lakini hakuna aliyegusa kitufe. Wakauacha ukimya ule uwe wa Glenys.

Alimeza mkate wake. Akasimama wima kando ya kiti, kama wanavyosimama watoto darasani wakiitwa, akaiambia redio ya Walter, ambayo tangu inunuliwe haijawahi kupeleka neno la mtu popote, "Nipo, mama."

Kisha akalia, kilio kizuri, chenye kamasi, cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Kumi na mitatu mwezi ujao, usisahau. Nikamfuta uso na aproni, akachukua mkoba akaenda, amechelewa, mayai hakugusa.

Nilipokuwa peke yangu nikarudi jikoni. Watoto wa ranchi nyingine walikuwa wanasoma mashairi yao. Nikatazama kama dirisha la Bwana Pascoe limefungwa, maana mwanamke wa umri wangu akionekana anazungumza na kabati la redio watamwita daktari. Halafu nikakisogelea kile chombo, na mimi nikasema langu. Najua halikufika, ndiyo maana naliandika.

Nipo, mdogo wangu.

Thelma